Orodha Isiyo na Tisa

Kompyuta ilikuwa imekataa katakata kuruka kutoka nane kwenda kumi.

Nyota alijaribu kwa upole, kisha akajaribu kwa ukali. Aliandika maneno ya nane, akabonyeza kitufe cha kushuka mstari, na kabla hajagusa kitu kingine kioo kikamwekea 9 ambayo hakuiomba. Akaifuta, ikarudi. Akaifuta tena, akaandika 10 kwa kidole chake mwenyewe, tena kwa kugonga kwa nguvu kama alivyozoea kugonga taipureta yake ya chuma, na kioo kikamletea kitu ambacho hakijawahi kuonekana katika karatasi yoyote ya ofisi ile: "9. 10. Zungusha manivela." Namba mbili zimekaa bega kwa bega kama wake wenza wasiosemezana. Nyota akashika kichwa.

Mwaka ulikuwa 1988. Ofisi ya Pampu za Mto ilikuwa Makiso, nyuma kidogo ya bandari ya Kisangani, na kazi yake ilikuwa kutunza pampu za dizeli zilizovuta maji ya mto na kuyapandisha kwenye matangi ya miji midogo: Yanonge na Isangi huko chini, Ubundu huko juu reli inakoishia. Nyota alikuwa mpiga chapa wa ofisi hiyo kwa miaka ishirini na miwili. Alipiga karatasi za mafundi, zile zinazoeleza hatua kwa hatua namna ya kuwasha pampu, kuizima na kuisafisha, Kiswahili upande mmoja na Kifaransa upande wa pili. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kukosea namba hata moja, na kama ungetaka kujua hilo usingehitaji kumuuliza, angekuambia mwenyewe.

Kompyuta ilikuja wiki tatu kabla, pamoja na Injinia Alphonse kutoka Kinshasa. Kwenye karatasi za Serikali majina ya ubatizo yalikuwa yamepigwa marufuku, na mlangoni kila mtu alikuwa citoyen fulani au citoyenne fulani, yaani mwananchi. Lakini midomoni akina Alphonse walikuwa tele kama kawaida. Huyu alikuwa na mashati safi na moyo mzuri, na aliipenda mashine ile kuliko chakula.

"Sikia, mama Nyota," alimwambia siku ya kwanza. "Mi nimetengeneza modèle. Ile njo karatasi mama. Kila kitu iko tayari ndani: kichwa, marge ya pembeni, namba. Wewe unaandika maneno tu. Namba, machine inaweka yeye mwenyewe. Ukiongeza mustari katikati, ile yote ya chini inajipanga. Haikosei."

Haikosei! Nyota alitabasamu, kwa sababu alilelewa vizuri.

Tangu siku hiyo hakuelewa alichokuwa akikifanya. Akimaliza orodha ya kuwasha pampu na kuanza ya kuizima, orodha ya pili ilianza na kumi na tano badala ya moja, kana kwamba kuzima ni mwendelezo wa kuwasha. Akigusa kitufe kibaya, namba iligeuka herufi. Alphonse alipokuja kumsaidia alibonyeza kitu fulani, kioo kikagawanyika vipande viwili, na chini ya maneno yake Nyota akaona maneno mengine madogo yaliyofungwa kwenye mabano, yamejipanga kimya kimya, yakiamrisha kila kitu. Kumbe siku zote amekuwa akiandika juu ya paa la nyumba ya watu! Alphonse akaingiza amri moja pale chini, orodha ya kuzima ikaanza na moja, akaondoka akipiga mluzi. Nyota alibaki amekodoa macho. Hakuna aliyemwuliza kama ameelewa, naye hakusema kwamba hakuelewa.

Lakini hayo yote angeyavumilia. Kilichomtoa jasho ni tisa.

Orodha ya kuwasha pampu ilikwenda hadi namba kumi na nne, ila tisa haikuwamo. Baada ya nane palikuwa na nafasi ya mistari miwili, nyeupe, kisha kumi. Miaka kumi na mitano ilikuwa hivyo. Zamani tisa ilikuwapo, nayo ilisema: "Bonyeza mkanda kwa mkono, uone kama umekaza." Siku moja ya mwaka 1973, huko Ubundu, fundi mmoja alikuwa akibonyeza mkanda, ule wa mpira unaozungusha pampu, kama karatasi ilivyomwagiza, na mwenzake aliyeshika manivela, kile chuma cha kuzungushia mashine ili iwake, akadhani tisa imeshapita. Akazungusha. Mashine ikawaka kwa mara moja, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Fundi wa mkanda alipoteza vidole vitatu vya mkono wa kushoto. Jina lake Cyprien, na alikuwa mume wa Nyota.

Wiki iliyofuata mkubwa wa ofisi wa wakati ule alikuja na kalamu nyekundu, akaikata tisa. "Piga upya," alimwambia Nyota, "lakini namba zingine usizisogeze. Watu wamezizoea."

Na kweli walizizoea. Ofisi iliongea na vituo kwa foni, redio ya mawimbi iliyounguruma kwenye meza ya pembeni, na muda wa foni ulikuwa mfupi, na jimbo zima lilikuwa linasikiliza. Basi hawakupoteza maneno. Walisema "rudia nne", au "saba imekwama", na huko mbali mtu alielewa. Kidogo kidogo namba ziligeuka majina. Saba haikuwa tena ile inayofuata sita. Saba ilikuwa mkono mdogo wa chuma wa kupunguza nguvu ya mashine, popote ulipo. Nne ilikuwa kutoa hewa kwenye bomba, na mafundi walikuwa wakiambiana hivyo hata mezani, mtu akishiba maharage kupita kiasi: nenda nje ufanye nne.

Nyota hakuwahi kumwambia mtu, lakini kila alipopiga karatasi ile, akifika kwenye nafasi nyeupe alitulia kidogo. Ile ilikuwa mahali pa vidole vya Cyprien. Alikuwa peke yake katika dunia hii aliyeitunza, ndivyo alivyoamini, na jambo hilo lilimtia uchungu na fahari kwa pamoja.

Cyprien mwenyewe hakuzungumza juu ya mkono wake. Aliuweka mfukoni. Suruali zake zote zilitoboka mfuko wa kushoto kwanza, na Nyota alikwisha shona viraka vya mifuko ya kushoto visivyo na hesabu. Kanisani hakupiga makofi. Hata siku za maandamano ya chama, ambapo mtu asiyepiga makofi angeweza kutakiwa kueleza kwa nini, yeye alijipiga paja kwa mkono wa kulia na kuimba kwa sauti, akaachwa.

Na aliyeshika manivela siku ile alikuwa Nassoro. Alikuja nyumbani kwao Mangobo mara moja tu baada ya ajali, akakaa kitini akalia mbele ya watoto, akaondoka, hakurudi tena. Sasa alikuwa fundi mkuu wa Ubundu. Kila sikukuu ya Idi alituma samaki wa kukaushwa kwa treni, wamefungwa kwenye majani, bila barua. Cyprien aliwala bila kusema neno.

Basi hebu mwone Nyota mbele ya kioo, mashine inamng'ang'aniza tisa. Mwishoni alifanya ujanja mmoja: akaiacha 9 ikae, lakini bila maneno. Namba na nukta, halafu weupe. Haikuwa sawa na zamani, ila kumi ilibaki kumi na kumi na nne ilibaki kumi na nne. Akachapa, akampelekea Alphonse.

Alphonse alisoma akishuka na kidole, kidole kikasimama.

"Mama, hapa umesahau."

"Sikusahau, Injinia."

"Tisa iko wapi?"

"Haiko."

"Haiko namna gani? Naiona hapa, lakini haina kitu."

"Njo vile iko. Walifutaka."

"Walifuta. Bon." Alphonse alifurahi, maana tatizo lilikuwa dogo kuliko alivyohofu. "Kama walifuta, donc kumi njo tisa." Akaja kwenye kompyuta, akabonyeza kitufe kimoja, mara moja tu. Tisa tupu ikatoweka, na chini yake namba zote zikapanda ngazi: kumi ikawa tisa, kumi na moja ikawa kumi, hadi ya mwisho ikawa kumi na tatu. "Unaona? Propre. Safi."

Nyota alikitazama kioo. Alitaka kusema kitu, na hakujua ni kitu gani. Anatetea nini hasa? Nafasi isiyoandikwa kitu. Utamwambiaje injinia kwamba ule weupe una mwenyewe? Na ikiwa mashine inayojua kuhesabu inasema kumi ni tisa, yeye ni nani?

"Watu ya vituo wamezoea," ndicho alichoweza.

"Watazoea tena, mama. Orodha haiwezi kuwa na shimo. Mutu atasema tumepoteza mustari."

Jambo hilo lilikuwa na akili, na hiyo ndiyo shida. Nyota alirudi mezani akageuza maneno yale kichwani, kila upande yalikuwa na akili. Akaweka N ndogo kwenye pembe ya karatasi kama desturi ya ofisi, alama ya kwamba mpiga chapa amesoma na kuridhika. Hakuwa ameridhika. Aliiweka tu.

Karatasi mpya zilichukuliwa na René, fundi aliyetoka kwenye meli na kuajiriwa mwezi ule ili akawe mwenzake Nassoro. Alphonse alimfundisha kwa siku mbili kwenye pampu ya mazoezi nyuma ya ofisi, kwa karatasi mpya, akahakikisha amezijua namba zote kumi na tatu kwa moyo. Jumanne René akapanda treni ya Ubundu na karatasi kwenye begi lake. Huko pampu mpya ilikuwa imeshafungwa tayari, na ilitakiwa kuwashwa Alhamisi asubuhi, kwa sababu mji wa Ubundu ulikuwa umekunywa maji ya kuteka mtoni kwa miezi miwili.

Jumatano, saa ya chakula cha mchana, Nyota alikuwa nyumbani. Alimwandalia Cyprien lituma, zile ndizi za kupondwa, na samaki, akakaa mbele yake.

"Ofisini sasa namba zinajipanga zenyewe," alisema.

"Muzuri," alijibu Cyprien, akichota lituma kwa mkono wa kulia.

"Ukitoa moja, zingine zinasogea. Huwezi jua kama moja ilitoka."

Cyprien alimtazama kidogo, akangoja. Nyota akamwongezea mchuzi. Aliona aibu, kwa kuwa alikuwa amekuja kuungama na sasa alikuwa anagawa mchuzi.

Alhamisi saa mbili asubuhi foni ikafunguliwa. Alphonse alishika kipaza sauti, Nyota akakaa pembeni na daftari kuandika yatakayosemwa. Mpiga chapa alikuwa anaandika tu. Hakuna aliyewahi kusikia sauti yake hewani.

"Ubundu, Ubundu, hapa Kisangani. Pampu inafanya? À vous." Ndivyo walivyopeana zamu kwenye foni: à vous, zamu yenu.

Mngurumo, halafu sauti ya Nassoro, nzito na ya polepole. "Kisangani, pampu haifanyi. Tumesimamisha. Karatasi haina tisa. À vous."

Alphonse akaitazama karatasi iliyokuwa mbele yake. "Nassoro, tisa iko. Angalia chini ya nane. À vous."

"Chini ya nane iko kumi. À vous."

"Hapana! Chini ya nane iko tisa. Imeandikwa tisa! À vous."

"Imeandikwa tisa, citoyen Injinia, lakini iko kumi. À vous."

Alphonse alifunika kipaza sauti kwa kiganja, akamgeukia Nyota. "Huyu mutu anajua kusoma?"

"Anasoma Kifaransa na anasoma Kurani," alisema Nyota. Kalamu ilikuwa imesimama. Hata yeye hakuelewa. Katika karatasi ya zamani tisa haikuwapo, katika mpya ipo, na Nassoro analalamika kwamba imepotea! Ama mtu huyo amechanganyikiwa, ama dunia nzima.

Kabla Alphonse hajajibu, sauti nyingine ikaingia katikati ya mngurumo. "Kisangani, hapa Isangi. Pardon. Tunasikia munasema tisa. Mumetosha tisa? Mumeitoa? À vous."

Na nyingine, ndogo, ya mbali: "Hapa Yanonge. Nani ametosha tisa?"

"Lakini ninyi hamukuwa na tisa!" Alphonse alisahau kusema à vous, akasahau pia kwamba jimbo zima linasikiliza. "Miaka yote! Karatasi ya zamani, kwa tisa hakuna kitu!"

"Njo ile," alisema Nassoro. "Ile yenye haina kitu, njo tunataka. À vous."

Alphonse akaketi vizuri kitini. Ilikuwa wazi usoni mwake kwamba chuo kikuu hakikumwandaa kwa swali hili. Nyota naye aliandika daftarini. Isangi wanaitaka. Yanonge wanaitaka. Weupe ule, aliodhani ni wake peke yake, watu wasiomjua walikuwa wanaudai kwa sauti hewani, na hakujua wanaudai kwa ajili gani.

Halafu Nassoro akaendelea, bila kungoja zamu.

"Kisangani, sikiliza. Leo asubuhi mi niko kwa mukanda, René iko kwa manivela. Nikasema tisa. René akazungusha, karatasi yake inasema tisa ni kuzungusha. Mukanda umekamata mukono wa shati yangu, umeupasua mpaka hapa kwa bega. Wa shati tu. Kwa neema ya Mungu, wa shati tu. À vous."

Nyota aliona pembe ya karatasi, N yake ndogo imekaa pale, nadhifu. Ilikuwa Ubundu ile ile, mkanda ule ule, na safari hii aliyeridhika kwa maandishi alikuwa yeye. Hofu aliyoisikia ilikuwa ya miaka kumi na mitano iliyopita. Ilimrudia nzima, haikupungua hata kidogo.

Akanyoosha mkono. "Injinia, nipatie."

"Mama, foni si ya..."

"Nipatie."

Alphonse akampa.

"Nassoro," alisema Nyota, karibu mno na kipaza sauti. "Ni mimi, Nyota. Bibi ya Cyprien. Niambie. Kwa tisa munafanyaka nini?"

Foni iliunguruma muda mrefu, hata Alphonse akainama kutazama kama waya umechomoka.

"Mama Nyota," sauti ilisema mwishowe. "Hawakukuambia?"

"Nani ataniambia? Mi sijawahi kuona pampu ikiwashwa huko. Mi naandika tu."

"Bon. Tisa, tunaonyesha mikono. Mutu ya mukanda anarudi nyuma hatua mbili, anasimama, anainua mikono yote mbili juu, na vidole wazi. Mutu ya manivela hagusi kitu. Anahesabu vidole. Anahesabu na sauti, mpaka kumi. Akiona zote kumi, njo anazungusha. Mi nilianzisha ile, mwezi ule ule. Nikawaambia Isangi, Isangi wakaambia Yanonge. Kila mara pampu inawaka, kila kituo. Hatukuandikaka, sababu nafasi ilikuwa pale, kila mutu akiona ile nyeupe anajua." Akakohoa. "Tunaiita Cyprien. Tunasema: fanya Cyprien. Mafundi wa sasa hawajui Cyprien ni mutu. Wanazani ni jina ya ile kazi. À vous."

Nyota alilia wazi wazi, mbele ya injinia na mbele ya jimbo, kipaza sauti mkononi. Alikuwa na furaha na alikuwa na hasira, na hakujua ni ipi ilianza. Miaka kumi na mitano, kila asubuhi, watu wanahesabu vidole kwa jina la mume wake, na mume wake yuko Mangobo ameficha mkono mfukoni akidhani wote wamesahau!

Alphonse alichukua kipaza sauti taratibu. "Ubundu, Isangi, Yanonge, ngojeni. Musiguse mashini. Robo saa." Akazima. Alikaa akiitazama karatasi yake safi. "Mi nilizani ni shimo," alisema.

"Hata mi."

"Alors, mama. Tunaandika nini?"

Nyota alijifuta uso kwa ncha ya kitenge, akaenda kwenye kompyuta. Akashusha alama inayopepesa mpaka mwisho wa nane, akabonyeza kitufe cha kushuka mstari. Tisa ikaja yenyewe bila kuombwa, kama siku zote. Safari hii aliiacha. Na chini yake, kabla hajaandika hata herufi moja, namba zilianza kushuka: ile iliyokuwa imejifanya tisa ikarudi kuwa kumi, kumi ikawa kumi na moja, moja baada ya nyingine kila moja ikavaa jina lake la zamani, mpaka kumi na nne mwishoni kabisa. Nyota alitazama bila kupepesa. Hakujua kama aishukuru mashine ile au aipige kofi.

Akaandika: "9. Rudi nyuma. Onyesha mikono miwili juu, vidole wazi. Mwenye manivela ahesabu vidole vyote kumi kwa sauti kabla ya kuzungusha."

"Unaona?" Alphonse alisema nyuma yake, lakini kwa sauti ndogo. "Inajipanga."

Walifungua foni tena, na Nyota mwenyewe ndiye aliyesoma, polepole, ili wenye kalamu waandike. Ubundu walirudia. Isangi wakarudia. Yanonge wakaomba arudie neno "wazi". Saa nne kasorobo Nassoro aliita kusema pampu inafanya, maji yamefika kwenye tangi, na René amehesabu mara mbili kwa hofu yake. Halafu akasema, akiwa amepunguza sauti, kana kwamba foni inaweza kunong'onezwa: "Musalimie." Hakutaja nani.

Nyota aliomba ruhusa akaondoka kabla ya wakati, na karatasi mpya mkobani. Alimkuta Cyprien amekaa mlangoni juu ya kiti chake cha kukunja, mkono wa kulia unatengeneza redio ya jirani, wa kushoto mahali pake. Akamwekea karatasi gotini.

"Soma."

"Naijua hii."

"Soma tu."

Cyprien alisoma akisogeza midomo. Moja, mbili, tatu. Alifika nane, na Nyota akaona macho yake yakijiandaa kuruka weupe, kisha yakajikwaa. Akasoma tisa. Akaisoma tena. Nyota akamweleza yote pale pale, bila kupanga: Isangi, Yanonge, shati la Nassoro, vidole vinavyohesabiwa kwa sauti kila asubuhi, na jina wanaloliita. Alipomaliza, Cyprien aliinua uso. Aliangalia barabara. Mwanamke mmoja alipita na beseni la chikwange, ile mikate ya muhogo, akasalimu, hakujibiwa.

"Wanaita Cyprien?" aliuliza.

"Wanaita Cyprien. Wanazani si mutu."

Cyprien akaweka redio chini. Akasimama, akarudi nyuma hatua mbili mpaka mgongo ukagusa ukuta. Mkono wa kulia ulipanda kwanza. Wa kushoto ulichelewa mfukoni, ukatoka, ukapanda nao, ukasimama hewani juani, kidole gumba na kimoja cha kukifuata, na ngozi iliyong'aa ambayo Nyota alikuwa hajaiona wazi kwa miaka.

"Hesabu," alisema.

Nyota alihesabu kwa sauti, kama karatasi yake inavyoagiza. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Sita. Saba. Akasimama hapo, hakujua afanye nini na namba zilizobaki.

"Kumbe kwangu pampu haitawaka," alisema Cyprien, na akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, na aliushika kwa mkono wa kushoto.